Askari ana sanamu, mpagazi ana soko

Jamani, kuna vitu tunavipita kila siku wala hatuvioni. Mimi ni mtoto wa Dar, kitovu changu kimezikwa Temeke, na ile Sanamu ya Askari pale Samora naijua toka nanyonya. Ni alama ya kukutania tu: "Nisubiri pale Askari." Basi, hadithi imeishia hapo.

Juzi nikatembelewa na mdogo wangu, mtoto wa shangazi, katoka Songea. Nikamshusha Posta nimwoneshe jiji. Kufika kwenye sanamu, dogo kagoma kuondoka. "Kaka, huyu ni nani?" Nikajikohoza. Msomaji wangu, aibu ya mwenyeji kuulizwa kwake na mgeni usiombe ikupate.

Ikabidi nikasome, na nilichokipata ndicho hiki.

Zamani za Mjerumani, hapo alisimama Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar, na Wissmann akang'olewa. Sanamu yake ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha moja kwa moja. Huku kwetu, mwaka 1927 akasimamishwa huyu wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson.

Sasa inama usome maandishi ya chini. Maneno yake alitunga Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari Waafrika wa vita ya 1914 hadi 1918, halafu wapagazi, wanaoitwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho inatolewa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Dogo kazunguka sanamu mara mbili. "Mbona hakuna jina hata moja?"

Hapo nikaishiwa maneno. Kwa sababu hata bibi yetu, mama yake baba, alikuwa akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Kama alibebeshwa na Mjerumani au Mwingereza, bibi hakujua. Jina lake nalo hatulijui. Nani angemwandika?

Tukaondoka kimya, tukaambaa na Uhuru, tukapita Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo. Muuza soksi anaita, bodaboda inakupigia honi kisogoni, mama na ndoo ya maji ya baridi huyu hapa. Nikamwambia dogo: hili nalo ni kumbukumbu la vita. Waingereza walipoingia mjini, hapa ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Waswahili wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, mzizi ni huo huo.

Na hao watu hawakuwa wachache. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa karibu laki moja. Wengi hawakuuawa na risasi. Ni malaria, kuhara damu, njaa na kuchoka. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Wakati huo huo, nenda makaburi ya vita yaliyoko barabara ya Bagamoyo uone mawe yalivyopangwa safi, jina na tarehe.

Mimi simchukii askari wa shaba. Naye alikuwa mtoto wa mtu, kapigana vita isiyo yake. Ila juu kasimama peke yake, na mpagazi kabaki chini kwenye maandishi na kwenye jina la soko.

Jioni dogo kampigia shangazi simu, kamuuliza jina la yule babu. Shangazi kasema atawauliza wazee kule kijijini, wamebaki wawili. Tunasubiri.

Na wewe msomaji, kwenu wazee wamebaki wangapi? Waulize mapema.