Neema Ilitangulia, Mikono Ikafuata

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Kijijini jina hilo hatukuwa nalo bado. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Wengine walisema ni kurogwa, wengine laana. Miaka michache baadaye zilikuwapo nyumba ambamo baba amezikwa, mama yuko kitandani, na anayepika ni mtoto wa shule ya msingi.

Jumuiya ndogondogo yetu ilikutana kila wiki kusali rozari na kusoma Injili. Jioni moja tulisoma Mathayo sura ya 25, pale Mfalme anapowahukumu mataifa kwa njaa waliyoishibisha na wagonjwa waliowatazama. Katekista wetu, mzee aliyeanza kufundisha kabla ya Uhuru, alifunga kitabu akauliza, "Ndugu zangu, kutoka hapa hadi barabarani kuna wagonjwa wangapi?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote tulijua. Kesho yake tukaanza zamu.

Mgonjwa ambaye mgongo umeshachubuka havutwi. Anageuzwa na watu wawili, mmoja mabegani, mwingine nyongani, wakihesabu kwa sauti ili ajiandae. Mpira wa kutandika haukupatikana, kwa hiyo tulibabua majani machanga ya mgomba motoni mpaka yakalegea, tukayalaza chini yake, nayo yakampoza ngozi. Tuliwanywesha uji kwa kijiko, tukafua mashuka, tukachimba makaburi.

Bukoba ni nchi ya Wakatoliki na Walutheri pamoja. Huku ndiko alikotoka Kardinali Laurean Rugambwa, na huku ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Familia moja ilikuwa na shangazi huku na mjomba kule, na swali la wokovu lilizungumzwa hadi kisimani. Hapo ndipo aliponikuta mama jirani, Mlutheri aliyeokoka katika uamsho. "Mwenzangu," aliniambia, "nakuonea huruma. Unajichosha hivi upate mbingu, na Yesu amekwisha kulipa." Hakunikejeli. Alisema kwa upendo, ndiyo maana maneno yake yalinikaa moyoni, nikayapeleka kwa katekista.

"Binti yangu," aliniuliza, "ulibatizwa lini?"

"Nikiwa mchanga, Mzee. Sijaanza hata kukaa."

"Ulikuwa umekwisha kumwosha mgonjwa gani?"

Nikanyamaza. Akaendelea, "Jirani yako amesema kweli: Yesu amelipa. Neema ilikutangulia kabla hujajua kuomba. Lakini mtoto akizaliwa hupumua. Hapumui ili azaliwe, anapumua kwa kuwa yu hai. Asipopumua, tunalia."

Baadaye nilipopelekwa kusomea ukatekista nilikuta kwamba mzee yule hakuwa amebuni kitu. Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya Januari 1547, ulifundisha kwamba hakuna kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachoweza kustahili neema ya kuhesabiwa haki. Ni zawadi tupu. Mtaguso huohuo ulifundisha pia kwamba aliyeipokea hukua ndani yake kwa matendo anayotenda akiwa ameshikamana na Kristo, na kwamba imani isiyo na matumaini na mapendo haimuunganishi mtu na Kristo kikamilifu. Ndivyo anavyoonya Yakobo katika sura ya pili ya barua yake: imani pasipo matendo imekufa. Na tunapotaja mastahili yetu, Mtakatifu Augustino anatukumbusha kwamba Mungu anapoyavika taji huwa anavika taji zawadi zake mwenyewe. Hakuna mahali Kanisa limefundisha kwamba mbingu hununuliwa.

Yule mama alikuja kwenye zamu yetu bila kualikwa. Alishika upande wa mabega, mimi wa nyonga, naye ndiye aliyehesabu. Hatukubishana tena, ingawa kila mmoja alibaki katika kanisa lake.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba tunapokewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa mastahili yetu, na kwamba Roho Mtakatifu anayetupa imani hiyo hutuwezesha na kututuma kutenda mema. Yaliyobaki ya kutofautiana hayakufichwa. Padri alipotueleza habari hizo, nilifurahi kwa ajili ya wote wawili, mzee wetu na mama yule.

Leo vijana wa kipaimara huniuliza: tunaokolewa kwa imani au kwa matendo? Ninawasimulia habari za kijana mmoja aliyebatizwa saa chache kabla ya kufa, mikono haiwezi tena kushika kikombe. Hakuwa na tendo lolote la kuonyesha, wala sina shaka na huruma iliyompokea. Kisha ninawaambia: yeye hakupewa muda, ninyi mmepewa. Neema iliyomwokoa ndiyo mliyobatizwa nayo, na wagonjwa wangali wako kati ya hapa na barabarani.