Nauli Niliyompa Mdogo Wangu

Hivi karibuni nilikuwa natoka Korogwe kurejea nyumbani Lushoto. Pale Mombo, mahali ambapo gari huiacha barabara kuu na kuanza kuupanda mlima wa kuelekea Soni, tulisimama kwa muda. Kando ya barabara walikuwa wamekalishwa chini vijana wapatao 20, miguu peku, midomo imewakauka, wakilindwa na askari. Walikuwa Wahabeshi, waliokamatwa wakiwa safarini kuelekea Afrika Kusini. Abiria mmoja akasema, "Wahamiaji haramu hao." Mwingine akacheka. Mama mmoja muuza matunda akamwomba askari ruhusa, akawagawia mapea yaliyokuwa ndani ya beseni lake, kisha akarudi kwenye kivuli chake bila kusema neno.

Mimi sikucheka, wala sikutoa kitu. Nilikuwa nikiwatazama mmoja mmoja nikiutafuta uso wa mdogo wangu. Nilijua fika kwamba hayumo, lakini ndiyo tabia niliyobaki nayo kwa miaka zaidi ya 10.

Mdogo wangu aliondoka mwaka 2011. Alimwacha mkewe na mtoto wa kiume wa miaka 3. Hakuwa na pasipoti. Mtu mmoja aliyejiita wakala alimwambia kwamba mwenye fedha hahitaji karatasi. Akapita Mbeya, akavuka Malawi na Msumbiji, na baada ya miezi kadhaa akatupigia simu kutoka Durban. Mwanzoni mwa mwaka 2013 alipiga tena. Alisema kazi hakuna, wageni hawatakiwi, na kwamba yeye na vijana wengine wa Kitanzania wanalala karibu na bandari wakisubiri nafasi ya kuzamia meli. Aliniambia, "Kaka, nikifika Ulaya nitakupigia." Hatukuisikia sauti yake tena.

Oktoba ya mwaka huo redio ilitangaza kuwa chombo kimezama karibu na kisiwa cha Lampedusa, Italia, na watu zaidi ya 300 wamefariki, wengi wao wakiwa Waeritrea. Marehemu mama yetu alikuwa akipepeta maharage. Akaliweka ungo chini, akaniuliza, "Hawakutaja Wasambaa?"

Mgeni anayeiona milima yetu ikiwa kijani mwaka mzima, na malori yakiteremka na kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam, hustaajabu kwamba vijana wanaikimbia. Ukweli ni kuwa rutuba ipo, ardhi ya kutosha haipo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Wilaya ya Lushoto, pamoja na Bumbuli, ikiwa na watu karibu nusu milioni, wengi wao wakiishi kwa jembe juu ya miteremko mikali. Babu alilima bonde zima. Baba alirithi sehemu ya bonde hilo, nasi tukarithi sehemu ya sehemu. Zamani kijana aliyekosa shamba aliteremka kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe na Tanga, lakini tangu bei ya mkonge ilipoanguka mlango huo umekuwa mwembamba sana. Anayebaki mlimani hulima mboga kwa mkopo wa mbolea, na siku ya kuvuna mnunuzi humtaka ajaze gunia la lumbesa, lenye kilemba juu, kwa bei ya gunia moja. Mvua ikiikata barabara, kabichi huozea shambani na deni hubaki palepale.

Hizo ndizo sababu ambazo kwa miaka mingi nilizitaja kila nilipoulizwa kwa nini mdogo wangu aliondoka. Ni sababu za kweli, lakini kuna moja niliyoificha.

Baba alipofariki hatukugawa mirathi. Nikiwa mtoto mkubwa, nililishika shamba nikisema nalilinda kwa niaba ya wote. Mdogo wangu alinijia mara tatu kuomba sehemu yake alime nyanya. Mara zote nilimjibu kuwa shamba ni dogo, likigawanywa halitamfaa yeyote. Lilikuwa dogo kweli, ila lilinifaa mimi. Mara ya nne hakuomba shamba. Aliomba nauli, nami nilimpa siku hiyohiyo, tena kwa moyo mkunjufu. Majirani walinisifu kwa kumsaidia ndugu yangu. Mimi peke yangu nilijua kwamba nilimpa nauli ili nisimpe haki yake.

Ndugu msomaji, tunapowaona vijana wale barabarani tunauliza nani aliwadanganya, na jibu letu huwa ni mawakala. Mawakala wapo, na dhambi yao ni kubwa. Juni 2012, mkoani Dodoma, zilipatikana maiti za Wahabeshi zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Aliyewafungia mle atasimama mbele ya Mola wake. Lakini wakala hufika nyumbani ambako kijana amekwisha kuona kuwa hana nafasi. Wengi wa Wahabeshi wanaopita njia hii hutoka kusini mwa nchi yao, sehemu za Hadiya na Kambata, ambako watu ni wengi na mashamba ni madogo kama kwetu. Huko nako familia huuza ng'ombe au kukopa ili mtoto mmoja asafiri. Kijana wa namna hiyo hawezi kurudi mikono mitupu, kwa sababu amebeba ng'ombe wa baba yake mgongoni.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Nyumba ya bati ikijengwa kijijini kwa fedha za ng'ambo twaisifu, wala hatumuulizi mjenzi alilala wapi, alikula nini, na aliingia kwa mlango gani. Aliyebaki kulima na kumtunza mama yake twamwita mzembe. Kijana husikia yote hayo, na aibu ikizidi humtoa mtu nyumbani mapema kuliko njaa.

Nililifikiria pia lile neno "haramu" alilolitamka abiria. Kuvunja sheria ya nchi ni kosa, na sitamshauri mtoto wa mtu kulifanya. Lakini kosa ni la tendo, halimwondolei mtu heshima ya ubinadamu aliyopewa na Muumba wake. Mwaka 615, Makuraishi walipowatesa Waislamu, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Maswahaba wake Uhabeshi. Walitoka Makka kwa siri, wakavuka bahari. Makuraishi wakatuma wajumbe kudai warudishwe, lakini Najashi hakuwatoa kabla ya kuwasikiliza, akampa Jaafar bin Abi Talib nafasi ya kusema. Najashi huyo alipofariki, Mtume (s.a.w.) alimswalia ilhali mwili wake uko mbali. Sisemi kuwa safari za leo ni sawa na hijra ile, iliyokuwa ya kuinusuru dini. Nasema tu kwamba Wahabeshi wanatudai usikivu.

Mdogo wangu hatukumswalia swala ya ghaibu. Mama alikataa, akisema hawezi kumswalia mtu ambaye hakuonyeshwa mauti yake. Shemeji yangu alisubiri miaka mingi, si mke, si mjane. Wanavyuoni wamelizungumza suala la mume aliyepotea tangu Sayyidna Umar bin Al-Khattab alipohukumu mke asubiri miaka 4, kisha akae eda. Shemeji hakuikimbilia hukumu hiyo. Mwishowe ndoa yake ilivunjwa kwa faskhi kwa kukosa matunzo, akaolewa kwingine kwa heri.

Mama alipofariki, sheikh alikuja kutusimamia mirathi yake. Nikamtajia warithi. Akauliza, "Na yule aliyepotea?" Akatueleza kuwa fungu la aliyepotea huwekwa mpaka ijulikane kama yu hai au amekufa, na kwamba mwanawe hutunzwa kutokana na mali hiyo. Kisha akauliza juu ya mirathi ya baba. Nilikaa kimya. Hakunikemea. Alisema tu, "Basi tuanze na ile."

Tulipima shamba kwa kamba, tukapanda masale kwenye mipaka. Fungu la mdogo wangu liko upande wa mfereji, ambako ndiko kwenye maji ya kiangazi, sehemu ileile niliyokuwa nikiiona bora kuliko zote.

Mwanawe amemaliza kidato cha nne. Alikuja jioni moja, akasalimu, akakaa muda mrefu kabla ya kusema. "Baba mkubwa, nilikuwa naomba nauli ya kwenda Tanga. Kuna rafiki yangu yuko bandarini."

Sikumkataza kusafiri, kwa kuwa safari si dhambi. Nilimwambia kwamba akitaka kwenda nje, tutaanza na pasipoti, na mkataba wa kazi tutausoma pamoja hadi herufi ya mwisho kabla hajatia saini. Kisha nikamchukua hadi kwenye mfereji, nikamwonyesha masale, nikamweleza ni fungu la nani na kwa nini lilichelewa. Kumweleza sehemu hiyo ya pili kulikuwa kuzito kuliko nilivyodhani. Alinisikiliza huku akitazama chini. Hakusema kuwa amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Msimu huu amepanda karoti. Sijui kama atabaki, bei ya gunia haiko mikononi mwangu. Ninachojua ni kuwa akiondoka hatakuwa amefukuzwa na mimi.

Enyi kaka wakubwa mnaoshika mashamba ya marehemu "kwa niaba ya wote", gawaneni leo. Mwenyezi Mungu awarejeshe waliopotea, awarehemu waliokufa njiani bila wa kuwaosha, na atusamehe sisi tuliowasindikiza. Amin.