Rangi Zilizobaki Maabara

Tangu Kodak iirudishe Ektachrome madukani mwezi Septemba 2018, vijana wanaopiga picha kwa kamera za filamu hawaachi kuniuliza: na Kodachrome nayo itarudi lini? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilifanya kazi ya kusafisha filamu Mombasa, enzi ambazo watalii walishuka na mabegi yaliyojaa vikasha vya manjano. Wengi wao hawajawahi kushika slaidi ya Kodachrome. Wameziona picha zake kwenye simu tu, hasa ile ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliyoipiga Steve McCurry mwaka 1984 na kutolewa kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985.

Huwajibu kwamba sioni ikirudi. Jibu hilo halinifurahishi, kwa maana sijapata kuipenda filamu nyingine kama ile. Lakini nimeliona likijengeka mbele ya macho yangu, mwaka baada ya mwaka, tangu nilipokuwa kijana wa kutumwa dukani.

Filamu zilizoletwa na wateja tulizigawa mafungu matatu. Za negativu tulizisafisha wenyewe na kuchapa picha. Slaidi za Ektachrome nazo tulizisafisha wenyewe, kwa dawa za E-6. Fungu la tatu, la Kodachrome, hatukuligusa. Tulilitia kwenye bahasha, tukalipeleka posta, likasafiri mpaka maabara ya Kodak huko Hemel Hempstead, Uingereza. Mteja alikuwa amekwisha kulipia usafishaji siku aliponunua filamu, na slaidi zake zilimrudia baada ya majuma kadhaa, zimetiwa kwenye fremu, tayari kwa projekta.

Jambo hilo lilinikera. Nilijiona najua kazi, na hapa pana filamu ambayo kwetu sisi inapita tu kama barua. Nikamwuliza fundi wetu mkuu, "Mzee, hizi za Kodachrome mbona hatuzisafishi hapa? Vyombo si tunavyo?"

"Mwanangu, hizo hazina rangi ndani," akanijibu. "Rangi zake ziko kulekule zinakokwenda."

Nilidhani ananikwepa. Ilinibidi nisome ndipo nikaona kwamba alisema kweli tupu. Katika filamu za rangi za kawaida, dawa zinazozaa rangi huwa zimekwisha kutiwa ndani ya tabaka za filamu kiwandani. Msafishaji kazi yake ni kuziamsha. Kodachrome haikuwa hivyo. Ilikuwa ni tabaka tatu za filamu nyeusi na nyeupe zilizolazwa juu ya utando mmoja, kila moja ikinasa mwanga wa rangi yake: buluu, kijani, nyekundu. Ikifika maabara, kwanza hutolewa picha isiyo na rangi. Kisha filamu humulikwa taa nyekundu kutoka nyuma, ikapitishwa kwenye dawa inayozaa samawati. Humulikwa taa ya buluu kutoka mbele, ikapitishwa kwenye dawa inayozaa manjano. Tabaka lililobaki huamshwa kwa dawa badala ya taa, likapata majenta. Mwisho madini yote ya fedha huondolewa, zikabaki rangi peke yake. Dawa ikipungua nguvu kidogo, au joto likipanda kidogo, kazi yote imeharibika. Maabara ya Kodachrome haikuweza kuendeshwa na fundi na beseni zake. Ilihitaji mkemia anayepima dawa kila mara, na mtambo usiolala.

Walioibuni walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky mdogo, mmoja mpiga piano na mwingine mpiga fidla, waliokuwa wakichezea dawa za picha tangu ujana wao mpaka Kodak ikawachukua kwenye maabara zake za Rochester, New York. Mwaka 1935 ikatoka filamu ya sinema, na mwaka 1936 ile ya kamera za kawaida.

Faida ya kutotia dawa za rangi ndani ya filamu nimeishika mkononi. Fundi wetu aliponiachia vitu vyake, ndani yake mlikuwa na kasha la slaidi za miaka ya sitini: majahazi kwenye Bandari ya Kale, harusi, wanawake na kanga zao. Za Ektachrome ya zamani zile zimegeuka. Bahari imekuwa ya zambarau, nyuso zimekuwa za waridi, kama mtu amemwagia sharubati juu ya kila kitu. Za Kodachrome, zilizokaa kasha moja nazo, katika joto lilelile la Pwani, zina bahari ya buluu na wekundu wa kanga uliokolea. Ukiinamisha slaidi ya Kodachrome mbele ya dirisha, upande wa picha, unaona kingo za vitu zimeinuka: mlingoti, ukosi wa shati, mstari wa paa. Utadhani picha imechongwa. Nawashikisha vijana wakodoe wenyewe. Ukungu umezila baadhi pembeni, maana jelatini ni chakula cha ukungu na Mombasa haina ukavu, lakini palipobaki picha, rangi imebaki.

Kwa hiyo uzuri wake na udhaifu wake vilitoka mahali pamoja. Filamu nyingine yoyote ingeweza kusafishwa Mombasa, Nairobi au Bombay. Kodachrome iliishi mradi maabara zake chache ziliishi. Ektachrome ikaboreshwa, na mwaka 1990 Fuji ikaleta Velvia, ambayo ilisafishwa kwa E-6 na kumpa mpiga picha slaidi zake siku ileile. Wapiga picha wa magazeti na wanyamapori wakahama. Wateja walipopungua, mitambo ya Kodachrome ikakosa filamu za kutosha kuiweka dawa katika hali yake, maabara zikafungwa. Mwaka 2006 ikafungwa ya Lausanne, Uswisi. Mwishowe ikabaki moja duniani kote, Dwayne's Photo, katika mji mdogo wa Parsons, Kansas.

Juni 22, 2009 Kodak ilitangaza kuacha kuitengeneza. Ilikuwa imebaki chini ya asilimia 1 ya mauzo yake ya filamu za picha. Filamu ya mwisho kutoka mtamboni alipewa McCurry, akaenda nayo India na kwingineko, kisha akaipeleka Parsons kwa mkono wake. Dwayne's ilipokea za watu wengine mpaka Desemba 30, 2010. Wakati huo duka letu lilikwisha geuka la kuchapa picha za simu.

Mwaka 2017, Kodak ilipotangaza kwamba Ektachrome itarudi, mkuu wake wa masoko alisema hata Kodachrome wanaitazama. Nilifurahi sana, nakiri kwa moyo wote, na siku kadhaa niliwaza tu nitakwenda kupiga nini kwanza. Lakini ukiangalia ni kwa nini Ektachrome iliwezekana, unaona kwa nini nyingine haiwezekani. Ektachrome ilikufa mwaka 2012 tu. Mitambo ya Rochester ya kupaka filamu ilikuwa bado inazunguka, na iliokolewa na sinema: mwaka 2015 studio kubwa za Hollywood zilikubali kuendelea kununua filamu za Kodak. Maabara za E-6 zilikuwepo katika nchi nyingi kwa sababu slaidi za Fuji hazikukoma. Hata hivyo, malighafi kadhaa hazikupatikana tena, ikabidi filamu ibuniwe upya kwa sehemu, na iliyoahidiwa mwishoni mwa 2017 ikafika Septemba 2018. Kama ilikuwa vigumu hivyo kwa filamu ambayo karibu kila kitu chake kilikuwa bado hai, je, hii yetu?

Wengine wamejaribu wakiwa na kidogo zaidi. Polaroid ilipoacha filamu mwaka 2008, watu wachache waliinunua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi. Mitambo ilikuwepo, ila dawa hazikuwa zikitengenezwa tena, wakalazimika kubuni zao. Filamu zao za mwanzo, mwaka 2010, zilikuwa hafifu, na iliwachukua miaka kuzifikisha mahali pa kuridhisha. Huko Italia, Film Ferrania ilichangisha zaidi ya dola 320,000 mwaka 2014 ili irudishe slaidi za rangi. Majengo makuukuu na mitambo iliwalemea. Kilichotoka mwaka 2017 ni P30, filamu nyeusi na nyeupe. Ni filamu nzuri, na nawaheshimu kwa kuitoa, lakini si ile iliyoahidiwa.

Kuifufua Kodachrome ni kuvifufua viwanda viwili kwa mpigo: kimoja cha kupaka filamu, kingine cha kuisafisha, na cha pili ndicho kizito. Wako watu waliokaa na vitabu vya kemia wakafaulu kutoa rangi kwa mkono kutoka Kodachrome za zamani. Nawavulia kofia. Lakini hiyo ni filamu moja moja, kwa subira ya mtu mmoja, na mtambo wa kuisafisha Kodachrome ulitaka kulishwa kila siku.

Mama mmoja aliniletea Kodachrome ya marehemu mumewe, imepigwa ila haikusafishwa, ameikuta kabatini pamoja na pasipoti yake. Nilimweleza kabla ya kuigusa kwamba rangi hazitatoka. Leo, ukiacha hao wachache, Kodachrome inasafishwa kwa dawa za nyeusi na nyeupe tu, na ukishafanya hivyo, ndivyo itakavyobaki. Akaniambia, "Baba, wewe safisha. Mimi nataka nimwone." Zikatoka hafifu, zenye ukungu, lakini zikatoka: watoto ufukweni, gari, yeye mwenyewe kijana amevaa gauni. Nikamwuliza gauni lilikuwa la rangi gani. Alikumbuka palepale, akaniandikia nyuma ya bahasha.

Vijana wanaotaka slaidi nawaambia wachukue Ektachrome. Ni ghali, na hapa kwetu hawataona duka la kuisafisha, lakini pakiti ya dawa za E-6 ikiagizwa, kazi inafanyika jikoni. Dawa ya kwanza inataka nyuzi 38, na kwa maji ya tangi la juu ya paa, mwezi wa pili, Mombasa inakuwa imekusaidia nusu ya safari. Jumamosi wanakuja kwangu, tunasafisha pamoja.