Kabla ya Kwenda Warshani

Mkulima hunoa panga lake kabla ya kuingia katika migomba. Vivyo hivyo, mtunzi aliyealikwa katika warsha ya ushairi hana budi kujiandaa, asije akafika mikono mitupu. Mimi, mwalimu wa Karagwe, ninajiandaa kwa mambo mawili: sikio na maudhui.

Kwanza ni sikio. Nimevisoma upya vitabu viwili: Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954, na Kunga za Ushairi cha Mulokozi na Kahigi, cha mwaka 1979. Cha kwanza kinashikilia vina na mizani. Cha pili kinayafungulia mlango mashairi yasiyofungwa na kanuni hizo. Kila jioni ninatunga ubeti wa mishororo 4, mizani 16 kila mshororo, kisha ninausoma kwa sauti. Sisi tuliolelewa kwa Kinyambo yatupasa uangalifu zaidi, kwani lugha yetu haitenganishi l na r kama Kiswahili kitenganishavyo. Masikioni mwetu “kula” na “kura” yaweza kuwa kina kimoja. Msikilizaji wa Tanga hatakubali.

Jambo la pili ni zito zaidi. Nitatunga juu ya nini? Ni rahisi kuazima bahari, majahazi na minazi ya malenga wa pwani, hali nyumbani ninaona mibuni, mto Kagera na vilima vya Kyerwa. Wazee wetu hawakuwa maskini wa ushairi. Walijigamba mbele ya watawala wao kwa maneno yenye mapigo yake, ingawa hawakuhesabu mizani kwa kawaida ya pwani. Kwa hiyo ninakwenda kwa mzee jirani, ninamwomba aghani, nami ninaandika. Waghani wa rika lake wamebaki wachache, na kila afaye huondoka na maneno yake.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka yaliyo bora katika mila za makabila yote yatafutwe, yawe sehemu ya utamaduni wa taifa. Kazi hiyo haijakwisha. Basi nitakwenda warshani na beti zangu chache na swali moja: je, mapigo ya majigambo ya Kinyambo yaweza kuingia katika Kiswahili bila kuvunjika? Nawe mwanafunzi, kabla hujaalikwa popote, anza kwa kumsikiliza babu yako.