Bukavu: Nyumba nzuri inayomfunga mzee ndani

Katika mji wa Bukavu watu wengi hujenga pale walipopata nafasi, na nafasi iliyobaki ni ya mteremko. Mji umekaa juu ya vilima na rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu. Kijana wa miaka 20 anapanda Kadutu na bidoni ya lita 20 bila kufikiri. Mzee wa miaka 70 anajiuliza kila asubuhi: nikishuka, nitapanda namna gani?

Mama mmoja mjane anaishi Kadutu katika nyumba ya mbao aliyoijenga na marehemu mume wake. Toka mlangoni hadi barabarani kuna ngazi 31 zilizochimbwa katika udongo, na hakuna mbili zinazolingana. Moja ina kimo cha kiganja, inayofuata inakaribia goti. Mvua zikianza mwezi wa tisa, udongo unakuwa kama sabuni hadi mwezi wa tano. Miezi hiyo yote haendi kanisani, haendi sokoni, wala haendi kulia na wenzake kwenye matanga. Majirani wanasema amezeeka. Lakini ukimwona anavyozunguka parseli yake, miguu ingali inatembea.

Watoto waliona dawa ni kumhamisha. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amemaliza nyumba ya ghorofa upande wa Ibanda: madirisha makubwa, mlango mkubwa wa chuma, karo zinazong'aa kama kioo. Mama akapewa chumba cha juu, kinachotazama ziwa. Alikaa wiki mbili tu. Ngazi za ndani hazikuwa na pa kushikia, maana pesa ziliisha kabla ya kazi hiyo, na ilimbidi angoje mjukuu atoke shule ndipo ashuke. Wiki ya pili akaanguka bafuni, karo zikiwa zimelowa. Mungu alisaidia, mfupa haukuvunjika. Kesho yake akaomba arudishwe Kadutu. Mtoto aliumia sana, akaona mama amemwaibisha mbele ya mke wake na jamaa. Toka siku hiyo wanaongea kwa simu, maneno machache.

Wengi wetu hapa mjini tunajenga kwa ajili ya macho ya wageni. Simenti iliyosuguliwa mpaka iteleze ndiyo inaitwa kazi safi. Fundi akipitisha ufagio juu ya simenti mbichi ili mguu ushike, mwenye nyumba anadhani ameibiwa. Mlango wa choo unaachwa mwembamba, kisha siku mzee anapohitaji kushikwa mkono, watu wawili hawapiti. Na ngazi! Mguu hujifunza kimo cha ngazi ya kwanza na kutegemea zote ziwe hivyo. Sentimita 15 hadi 17 zinatosha, mradi zilingane. Kuzilinganisha tangu mwanzo hakuongezi gharama yoyote ya maana.

Aliyemsaidia mama huyo ni mtoto wa dada yake, fundi wa ujenzi. Alianza na choo, kwa sababu mama alikuwa akipunguza kunywa maji ili asichuchumae mara nyingi, jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, akakiweka juu ya shimo, na kufunga bomba la chuma ukutani. Akatoboa dirisha upande wa mashariki ili jua la asubuhi lifike kitandani. Akaziba nafasi kati ya mbao panapopita upepo, akiacha tundu la hewa juu. Tena akatoa mbabula chumbani. Mama alikuwa akilala nayo kwa sababu ya baridi, na hewa ya makala haina harufu ya kumwamsha mtu inapomuua.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yao. Huko Kadutu, mlinzi amekuwa fundi mmoja na msumeno wake.

Zimebaki zile ngazi 31. Nyumba sita zinazitumia, na fundi aliomba kila moja itoe mchango wa mawe na mchanga. Nne zilikubali. Mwenye parseli ya chini alikataa: mkiweka mawe, maji yote ya mvua yatashukia ukuta wangu. Ana haki, na ukuta ukianguka hapo utazoa watu. Kwa hiyo fundi anachimba kwanza mfereji pembeni, Jumamosi kwa Jumamosi.

Wiki iliyopita mifuko mitatu ya simenti ilifika toka Ibanda. Waliobeba hawakuleta ujumbe wowote. Mama ameiweka ndani, juu ya mbao, mbali na unyevu, na hapendi mtu aiguse mpaka mfereji uishe.