Nyika ya Mikumi na Nyama ya Njiani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akisha kuupita mji wa Morogoro na milima ya Uluguru ikabaki nyuma yake, huingia katika uwanda mpana wa Mkata. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyopewa jina la miti ya mikumi, nayo ndiyo ile miti mirefu ambayo watu wengine huiita mivumo. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu huikata kwa masafa ya kilomita 50 hivi, hata mtu aliyeketi ndani ya basi huona kwa macho yake pundamilia, twiga, nyati, nyani na tembo. Lakini aghalabu awaonao kwa wingi ni swala.

Vijana wetu yafaa waelewe swala ni nani. Katika vitabu vya shule zimo picha za wanyama wenye pembe za matawi, wakaao misitu ya Ulaya, Asia na Marekani. Hao si swala. Pembe zao huanguka kila mwaka zikaota nyingine, na katika Afrika hawapatikani kwa asili illa kaskazini, Aljeria na Tunisia. Swala ni ndugu wa mbuzi na ng'ombe; pembe yake haina matawi, wala haianguki mpaka siku ya kufa kwake. Katika njia itokayo Mikumi kwenda Kilosa kipo kijiji kiitwacho Ulaya, lakini hata katika Ulaya hiyo huwezi kumwona mnyama wa pembe za matawi!

Ukitazama maisha ya nyika hii utaona mpango wa ajabu. Swala pala hula majani mabichi ya chini wakati wa mvua, na ukame ukija huinua shingo akala majani ya vichaka. Twiga hula yaliyo juu, nyumbu na pundamilia hula nyasi, na tembo huvunja matawi ambayo wengine hawayafikii. Simba na mbwa mwitu nao humtangulia kumkamata aliye dhaifu au mgonjwa, na kwa hivyo maradhi hayapati nafasi ya kuenea kundini. Katika Suratul An'am, aya ya 38, tumefundishwa kuwa wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Mwenye kupita Mikumi akiwa na macho ya kuzingatia atafahamu maana yake.

Lakini umma huu una adui mkubwa, naye ni barabara. Njia ya Morogoro hadi Iringa ilipofunguliwa mwaka 1954, wawindaji walipata wepesi wa kuingia, na madhara yao yakawa sababu mojawapo ya kuhifadhiwa kwa nchi hii. Leo kinachoua njiani ni gurudumu. Maji ya mvua humwagika kutoka kwenye lami, nyasi za kando zikawa mbichi, na swala huja kuzila. Usiku taa za gari humpumbaza akasimama pale pale. Nyani naye hufuata maganda ya ndizi na mahindi yatupwayo na abiria. Humkimbilia tonge akakutana na mauti. Yamewekwa mabango na matuta ya kupunguza mwendo, na mwenye kumgonga mnyama hutozwa faini. Hata hivyo mizoga haijakoma.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo vijana wa chuoni huuliza mara kwa mara: je, swala aliyegongwa na gari aweza kuliwa? Aliyekwisha kufa jibu lake li wazi. Suratul Maida, aya ya 3, imemtaja aliyekufa kwa kupigwa miongoni mwa vilivyoharimishwa. Mtu aweza kusema, "Mimi nilimkuta yungali hai, nikamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu." Ndugu yangu, kisu hakiondoi haki ya mwenye mali. Mnyama wa hifadhi ni amana ya nchi nzima, na sheria imekataza kumchukua. Atakaye nyama ya porini ayaendee mabucha yenye leseni, ambayo serikali imeyawekea kanuni tangu mwaka 2020. Na hata huko aulize mnyama aliuawa vipi na ni nani aliyemchinja.

Tena iko hatari ya mwili. Aliyegongwa aweza kuwa aligongwa kwa kuwa ni mgonjwa asiyeweza kukimbia. Maradhi ya kimeta huwapata swala, nyati na ng'ombe, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi. Mwenye kumchuna mnyama huyo aweza kutoka kidonda cheusi mkononi. Mwenye kumla aweza kupoteza roho. Mama wa nyumba aletewapo nyama asiyoijua asili yake, asione haya kuirudisha.

Kutoka Mikumi kuelekea kaskazini njia yafika Kilosa, mji wa reli na wa mto Mkondoa, wenye wakulima wa mahindi na wafugaji wenye makundi ya ng'ombe. Huko utaona kwamba afya ya mwitu na afya ya zizi ni kitu kimoja. Mwishoni mwa karne ya 19 maradhi ya sotoka yaliingia Afrika kwa njia ya ng'ombe, yakafyeka mifugo ya Afrika Mashariki pamoja na nyati na nyumbu, na njaa ikawashika watu. Yalipigwa vita kwa kuwachanja ng'ombe, na ng'ombe walipopona na nyati walisalimika. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imekwisha. Mfugaji wa Kilosa amchanjaye ng'ombe wake, basi, huwalinda watoto wake, na huwalinda pia nyati wa Mikumi asiopata kuwaona.

Enyi wazazi na vijana, safari ni madrasa. Mpitapo Mikumi mwambieni dereva apunguze mwendo, hasa magharibi na usiku. Takataka zenu ziwekeni mfukoni mpaka mwisho wa safari. Nyani msimtupie chakula, kwani sadaka hiyo humwua. Na mkiona mzoga njiani, uacheni. Tai na fisi wamekwisha kuandikiwa riziki yao. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wapitaji wema katika ardhi yake. Amin.