Fundi wa Magari ya Kijerumani

Miaka thelathini na minane ya ualimu, zaidi ya nusu yake nikiwa mwalimu mkuu, ilinizoesha kusikiliza watu wakimsema mtu asiyekuwapo. Mzazi huja ofisini kumsifu mwalimu wa hesabu. Kesho yake huja mzazi mwingine kudai mwalimu yuyo huyo ahamishwe. Watoto wao wamekaa dawati moja. Nilikuwa na desturi ya kumwuliza kila mmoja: wewe ulitaka nini kwake? Swali hilo hufungua mengi, na aghalabu aliyekuja na hasira ndiye huanza kupunguza sauti.

Siku hizi sina shule. Nina migomba na kahawa kidogo huku Tengeru, na nina Volkswagen ya mwaka 1969, ile yenye mgongo wa kobe, niliyoinunua mwaka 1986 kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamia mkoa mwingine. Kwa ajili ya gari hilo nimejikuta katika baraza la watu wanaopenda magari ya zamani ya Kijerumani hapa Arusha. Si chama, hatuna katiba wala mweka hazina. Tunakutana tu Jumamosi asubuhi penye chai, na mazungumzo yakianzia popote, huishia kwa mtu mmoja: fundi wetu wa Unga Limited. Jina lake silitaji, kwa kuwa si mtu wa kupenda kutajwa.

Wako wanaomwona kama mtume. Kiongozi wao ni mfanyabiashara mwenye Mercedes mbili za dizeli za miaka ya 1980, ambaye hawezi kusikia fundi mwingine akitajwa bila kukunja uso. Yupo mzee aliyekuwa akiendesha watalii, mwenye Kombi, ambaye kwake fundi huyu ni mtu wa kiburi na mzembe, na ushahidi anao: gari lake lilikaa gereji miezi minane. Halafu yupo kijana mhandisi, mpole, msomi, asemaye kwamba mzee yule anabahatisha. Kwamba kutega sikio kwenye injini si kipimo.

Ndugu msomaji usiyejali magari, huenda unajiuliza kwa nini watu wazima wapoteze asubuhi kwa habari hizi. Wenzangu na mimi tulikua wakati ambapo mashindano ya Safari yalikuwa yakipita katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalianza mwaka 1953, na kati ya mwaka 1954 na 1962 magari ya Kijerumani yaliibuka ya kwanza mara saba: Volkswagen mwaka 1954, 1957 na 1962, DKW mwaka 1956, na Mercedes miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Mtoto aliyesimama kando ya barabara ya vumbi akaona gari dogo lisilo na radieta likipita kwenye tope lililokwamisha magari makubwa, hakusahau. (Haki itendeke: mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na gari lake lilikuwa Peugeot ya Wafaransa. Katika baraza letu jambo hili husemwa kwa sauti ya chini.)

Mercedes nayo ilikuwa na habari yake nyingine. Mwezi wa Februari 1967, Azimio lenye jina la mji huuhuu, Azimio la Arusha, lilitangazwa, na neno "Wabenzi" likawa tusi kwa wakubwa waliojitenga na wananchi. Leo Benzi zile zile zimezeeka mikononi mwa wastaafu na wenye maduka ya vipuri, rangi imefifia, na hakuna anayezionea kijicho. Wanaozipenda sasa huzipenda kwa sababu zinawaka.

Nirudi kwa fundi. Nilimchunguza kama nilivyozoea kuwachunguza walimu wangu, yaani kwa kukaa nyuma ya darasa. Nilikwenda gereji asubuhi nyingi, nikapewa kigoda, nikatazama.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba Volkswagen ikiletwa kwa ajili ya kupimwa valvu, haitengenezwi siku hiyo. Lazima ilale hapo. Wateja wengi huondoka wakinung'unika kwamba mzee ana foleni ya uongo. Kumbe sababu yake ni rahisi. Injini ile haipozwi kwa maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yake yenyewe. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa ya baridi kabisa, nayo ni milimita 0.15 tu. Gari lililotoka Usa River nusu saa iliyopita litatoa kipimo cha uongo. Kwa hiyo mzee huanza saa kumi na mbili asubuhi, wakati baridi ya Meru bado imo ndani ya chuma, na jua likianza kupiga ua, hufunga kifuniko.

Kisha kuna silinda ya tatu. Katika injini za umri wa gari langu, kipozea oili kimesimama juu ya silinda hiyo, ndani ya njia ileile ya upepo, kwa hiyo yenyewe hupata hewa pungufu na iliyokwisha kupashwa moto. Valvu yake ya kutolea moshi hurefuka, nafasi huisha, na siku moja hukatika na kutoboa pistoni. Mzee aliwahi kunionyesha pistoni ya namna hiyo, anaitumia kushikilia mlango usifungwe na upepo. Aliniambia, "Mwalimu, darasani si ulikuwa na mtoto anayekaa nyuma dirishani? Huyu ndiye. Ukimsahau yeye, umepoteza darasa."

Basi lile la kuchelewesha gari usiku mmoja nililifuta katika hesabu zake. La Kombi sikulifuta. Nilimwuliza mwenyewe, naye akasema alikuwa anangoja kipuri halisi kutoka Ujerumani, kije na mtu, kwa kuwa kile kilichokuwa madukani kilikuwa cha bandia na kingeharibu gia boksi. Nilimwamini. Nikamwuliza kama alimweleza mwenye gari. Akakaa kimya akifuta spana. Hakumweleza. Miezi minane mtu yule alikuja, akaona gari lake juu ya mawe, akajibiwa "bado, mzee wangu," akaondoka. Mwenye Kombi anayo haki ya kukasirika, na sifa zote za mfanyabiashara wetu haziondoi haki hiyo. Mikono ya fundi ni ya kuaminika. Ulimi wake hauna habari na mteja.

Lakini iko habari ya mama mmoja wa Usa River. Mumewe alipofariki alimwachia Mercedes 240D, na ndugu wa marehemu wakamshikilia kwamba gari lile ni mali kubwa, lifufuliwe, liuzwe kwa bei ya juu. Fundi aliinua zulia, akasukuma bisibisi kwenye sakafu, ikapita mpaka ardhini. Akamwambia, "Mama, injini hii itanizika mimi, lakini bodi imekwisha. Usitoe hata shilingi ya kutengeneza." Kazi ile ingemlisha miezi mitatu. Mfanyabiashara husimulia kisa hiki kila mgeni akija. Shemeji wa mama husimulia kwa namna nyingine: kwamba fundi alilishusha thamani ili ainunue injini yeye. Nilikwenda nikamwuliza mama mwenyewe. Alinitolea kipande cha boksi la plagi ambacho fundi alimwandikia kiasi cha fedha, na chini yake maneno "chini ya hapa usikubali". Mnunuzi alipatikana Moshi, na alitoa zaidi kidogo ya hapo. Fundi hakununua hata msumari.

Mwaka huu baraza limekuwa na hofu ambayo hakuna aliyependa kuitaja kwanza. Macho ya mzee yanafifia. Wengine wakapendekeza tupeleke magari kwenye gereji moja ya kisasa yenye kompyuta, na mhandisi mwenyewe, kwa heshima yake, akasema gari la mwaka 1969 halina mahali pa kuchomeka kompyuta. Basi nikatumwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu na kwa kuwa nywele zangu ni nyeupe.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda changu. Tuliamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, kahawa, mvua. Ndipo nikasema nililotumwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulistaafu kwa barua. Mimi nani ataniandikia?"

Nikamwuliza habari za kijana wake, anayetoka Ngaramtoni, aliye naye tangu alipomaliza darasa la saba na sasa ana miaka ishirini na mitatu. Akasema kijana anajua. Nikasema, anajua, lakini hana karatasi. Nilimweleza kwamba VETA hupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na kwamba habari za fomu niachie mimi, ndiyo kazi niliyoizoea. Alicheka. Akasema karatasi ni nzuri, lakini baraza letu halitampa kijana gari kwa sababu ya karatasi. Litampa kama liko gari lililotengenezwa naye na likarudi nyumbani salama.

Alikuwa anasema kweli, na nilijua anazungumzia gari la nani. Lile kobe langu ndilo lililompeleka marehemu mke wangu kliniki kwa mimba tatu, na ndilo lililomleta nyumbani mara ya mwisho kutoka hospitali. Sikumjibu siku hiyo. Wiki iliyofuata nililipeleka jioni, likalala.

Asubuhi kilele cha Meru kilikuwa wazi. Mzee aliketi, mikono ameikunja kifuani kama msimamizi wa mtihani. Kijana alilala chini, akafungua vifuniko, akaanza na silinda ya kwanza, akizungusha puli nusu mzunguko baada ya kila silinda. Hakuna aliyesema neno. Alipomaliza ya nne, mzee aliomba kipimo, kile kisahani chembamba cha chuma, akashuka chini kwa taabu, na kwa kuwa macho hayamsaidii tena, akakipitisha valvu moja baada ya nyingine akihisi kwa vidole jinsi kinavyovuta. Ilipofika silinda ya tatu akasimama.

"Hii imebana. Kidogo sana. Rudia."

Kijana akarudia. Mzee akapitisha tena, akanyamaza, akaenda kunawa.

Niliendesha mpaka Usa River na kurudi, nikapanda mpaka Ngaramtoni, taa nyekundu ya chaji haikuwaka hata mara moja. Jumamosi nililieleza baraza nilivyoona, bila kupamba. Mhandisi akauliza kijana anapatikana siku gani. Mfanyabiashara akasema atangoja kwanza aone gari langu baada ya masika. Mwenye Kombi alikoroga chai yake muda mrefu, wala hakusema kitu.